Dot Haiishake

4 Novemba

Mvua ya kwanza ya nguvu imeanguka leo. Barabara ya kwetu imegeuka mutope tupu, na mi nilienda ku kipimo na bilatu mu mukono moja, mukono ingine pa tumbo. Munganga alinipima, akaangalia kovu yangu ya zamani, kiisha akakaa. Munganga akikaa, ujue kuko mambo.

Alisema hii mutoto hatutamungojea uchungu. Mutoto wetu wa kwanza alifiaka mu tumbo juu balichelewa kunipasua, na pale penye balishona hapako muzuri. Uchungu ikianza, pale pataachana, na mi na mutoto tutaenda bote. Banipasue mbele, mwisho wa Januari, fasi yenye kuwa munganga wa kweli na damu mu frigo. Aliuliza kama bwana yangu eko na kazi, juu hopitali ya kampuni njo iko na bile bitu byote.

Gael eko na kazi. Tangu Septemba kampuni ya madini ilimupokea, nyuma ya miaka yote ya kuwa creuseur, kutambaa mu mashimo na tochi pa kichwa. Lakini ile hopitali inapokea bibi ya mufanyakazi, haipokee mwanamuke mwenye anakaa naye. Bibi ni ule eko na akte, cheti ya ndoa ya Leta, ya serikali. Na sisi tunakaa pamoja miaka tatu bila dot, ile mahari, bila kuandikwa ku komini, biro ya serikali, bila padri. Mi nilikuwa nachekaka benye kukimbilia komini, nasema akte haipike bukari ya kula. Leo nimemeza ile neno yangu, na haishuke muzuri.

Sasa inatupasa tuanzie ku dot, juu komini haifungishe ndoa kama familia zote mbili hazijasema mbele ya batu kama dot ilitoka na ilipokelewa. Na kusema dot ni kusema baba yangu.

7 Novemba

Baba yangu, Kalonji, hajakanyaga kwetu ata siku moja. Si juu ya dot tu. Gael ni Muluba wa Malemba, mutoto wa Katanga. Sisi ni Baluba ya Kasai. Nkambo yangu aliletwa huku juu ya kazi ya mugodi, baba akazaliwa huku, akafanya kazi huku mpaka mugongo ikaisha. Mwaka ya kufukuzwa, batu ya Katanga bakifukuza batu ya Kasai, balimuambia arudi kwao, kwenye hajapata kuona. Alilala ku gare na mama majuma na majuma, bakingojea treni. Kaka yangu mukubwa alikufia pale, ya kuhara. Baba hasemake ile mambo. Mama njo aliniambiaka, mara moja, akichambua majani ya sombe, bila kuinua macho.

Leo nilimuelezea mambo ya munganga. Baba ni mutu wa maneno kidogo, lakini ile kidogo ikitoka, hairudi nyuma. Aliacha chai yake ikapoa. Kiisha akasema: batu yake bakuje. Mama akaenda inje akajifanya anaanua nguo, na kamba haikuwa na nguo.

11 Novemba

Mvua. Courant ya umeme hakuna tangu jana. Nilisuka batu nywele, bichwa mbili, miguu imevimba.

18 Novemba

Komini ya Manika. Mwenye biro ya état civil, ya kuandika ndoa, ni Tata Polycarpe, mutu mupole, mupole mpaka unataka kumusukuma. Alituambia karatasi za kuleta: ya kuzaliwa, ya kuonyesha hatujaoa wala kuolewa, foto, karatasi ya shefu wa quartier, mukubwa wa mutaa. Tukitimiza, majina yetu yatabandikwa ku ukuta ya komini majuma mbili, mwenye kuwa na neno akuje aseme. Nilimuonyesha tumbo. Alisema, kwa upole, sheria haina tumbo.

25 Novemba

Shefu wa quartier haiko. Turudi kesho.

26 Novemba

Haiko. Eko ku matanga.

28 Novemba

Eko. Muhuri njo haiko.

9 Desemba

Dot.

Tata Tharcisse, baba mukubwa wa Gael, alitoka Malemba juu ya kamyo, na mvua ikamupiga njia yote. Baba ya Gael alikufaka zamani, kwa hiyo yeye njo mukubwa wao. Nilikuwa namuogopa. Kumbe ni muzee wa bichekesho. Aliingia mu lupango, kiwanja ya baba, analeta mbuzi, bikwembe ya kuvaa, suti, sufuria na shoka, akasema alisikia huku kuna ua lenye lilipasuka mbele ya kuchumwa, na batu bote bakaangalia tumbo yangu. Nilicheka na mi.

Balibishana vile inapasa. Bashangazi yangu balikataa kikwembe moja juu ya rangi, Tata Tharcisse akaahidi ingine. Kwa mwisho baba alisimama. Alisema amepokea, anashukuru, lakini ile mbuzi ya mama mukwe ibaki kwanza kule Malemba, iendelee kula majani, siku moja mutaileta. Batu bote bakapiga mikono. Tata Tharcisse akajibu vile mukubwa anajibuka: dot haiishake.

Ile njo desturi yetu, na ni ya kwao pia. Baba ya mutoto mwanamuke hasemake imeisha. Ukisema imeisha ni kusema umeuza, kamba imekatika. Siku bwana atamupiga ao kumufukuza, utaingia mu ile nyumba kwa njia gani? Unaacha kitu kidogo inje, njo mulango yako.

Baba na Tata Tharcisse balikunywa mu kikombe moja. Muluba wa Kasai na Muluba wa Katanga. Mama alishindwa kula. Mi nilikula ya wawili, na kweli tuko wawili.

12 Desemba

Majina yetu iko ku ukuta ya komini: Mushiya na Gael. Nilipita pale mara mbili bila sababu.

24 Desemba

Mvua. Misa nilisikilia mu kitanda. Mutoto anacheza sawa mutu anatafuta kitu mu giza.

3 Januari

Tulipewa siku ku komini: tarehe kumi na tatu. Na munganga ya kampuni, Gael alimubembeleza mpaka akaandika jina yangu kwa kupasuliwa tarehe makumi mbili na tano, kama nitakuja na akte. Kila kitu kinaingia ndani ya kingine. Naogopa kufurahi. Marlène, mwenye tunasukaka naye pamoja, ananiambia niache uso ya matanga, niolewe sawa batu.

13 Januari

Naandika na hasira, kalamu inapasua karatasi. Acha ipasue.

Salle ya komini ilikuwa imejaa. Mabibi-arusi na nguo nyeupe, mutope mpaka pa magoti. Mi nilivaa kikwembe, juu hakuna nguo nyeupe ya hii tumbo. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka mama shefu, mwenye kufungisha ndoa, alikuwa anasimama kungojea ipungue kiisha anaendelea. Ndoa mbili za mbele yetu zilipita haraka. Kushika bendera, kuinua mukono, ndio, ndio, kutia sahihi, vigelegele.

Tukaitwa. Mama shefu alimuuliza Tata Tharcisse kama familia ya bwana ilitoa dot. Akajibu tulitoa. Akageukia baba: «Tata, mulipokea dot yote?»

Baba alisimama na suti yake mupya, ile ya dot. Akasema: «Bado. Dot haiishake.»

Batu balicheka. Kicheko muzuri, ya kukubali. Muzee mumoja nyuma akapiga mikono. Mi pia nilicheka, mujinga mi, nilifikiri imepita. Mama shefu hakucheka. Alisema hapa si mu lupango ya bakubwa, hapa ni Leta. Ndio ao hapana. Tata Polycarpe akainama ku sikio ya baba, nilimusikia: sema tu ndio, Tata, ni neno moja.

Baba aliniangalia. Aliangalia tumbo. Nilimuomba na macho vile sijapata kuomba mutu. Kiisha akamugeukia mama shefu, polepole: «Bitu nilipokea. Lakini Leta ilishaniandikaka mara moja, ku gare, mu kitabu ya batu ya kuondoka. Sitasimama mbele yake niseme mutoto wangu ametoka mu mikono yangu.»

Mama shefu alifunga kitabu, bila ukali, hata kwa huruma. Alisema kama familia haijapokea, hana haki ya kufungisha. Tukasikilizane, turudi. Siku ya karibu yenye kuwa na nafasi ni makumi mbili na saba.

Makumi mbili na saba! Ni siku mbili nyuma ya kupasuliwa.

Gael alishika kichwa. Tata Tharcisse njo alikuwa wa kwanza kumutetea baba. Alisema muzee amesema kiume, na yeye angesema vile vile. Bale wawili balitoka bakiongozana, bakijikinga mvua chini ya parapluie moja. Mi nilibaki pa benchi, tumbo mbele yangu, na kikwembe ya ndoa.

14 Januari

Nilienda ku nyumba ya baba. Nilimuambia neno yenye mutoto haambiake baba. Nilisema: ulizika mutoto moja ku gare, unataka kuzika ingine juu ya kinywa. Mama akanifunika mudomo na mukono yake. Sijutie. Leo sijutie.

16 Januari

Gael aliomba ku hopitali ya kampuni. Bila akte, jina yangu inafutwa. Alimuomba Tata Polycarpe. Kwa upole, hapana.

19 Januari

Mvua, mvua, mvua. Daraja ndogo ya ku soko ilienda na maji.

20 Januari

Mama alikuja na moto, pikipiki ya taksi, analowa. Anasema baba hakula siku zote hizi. Jana alivaa, akaenda komini peke yake kwa miguu, akamuambia Tata Polycarpe: tarehe makumi mbili na saba nitasema imeisha. Aliposema, mama anasema, alitapika pa mulango ya biro.

Nilikaa pa kitanda. Ile kamba baba anaikata juu yangu, na mi nilimutukana. Munganga ya ku kipimo anasema kungojea siku chache si kitu, kama mutoto atatulia. Nilimuambia mutoto: tulia. Subira kidogo, mwana.

5 Februari

Naandika kwa hopitali, ile ya batu bote. Nesi ananipa dakika kila mara, anasema kuandika kunachokesha. Nitaandika mara moja, nisirudilie.

Tarehe makumi mbili na mbili, saa ya mchana, nilikuwa nasuka nywele ya Marlène. Uchungu ulikuja bila kupiga hodi. Nilisuka mustari ingine moja, nikijifanya si kitu. Wa pili ulinikunja. Marlène alikimbia kuita mama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu inasimama. Gael alikuwa kazini, mule chini ya mugodi simu haishike.

Mama alinishika nyuma ya moto, mvua inatupiga uso. Alisema twende ku hopitali ya kampuni, watu ni watu. Pa mulango kijana wa kuandika aliomba akte. Mama akasema ndoa ni siku ya posho, tarehe makumi mbili na saba. Kijana akaomba akte. Sasa mama yangu akatoa simu, akaanza kumuonyesha foto za dot: mbuzi, suti, baba na Tata Tharcisse na kikombe moja. Kijana aliangalia zote, kwa heshima.

«Mama, hizi ni mbuzi,» alisema. «Mi naomba akte.»

Hakuwa mutu mubaya. Alitafuta kiti ya plastiki akanikalisha, akasimama na sisi mu mvua mpaka akapata taksi. Njiani kamyo za madini zilikuwa zimefungana, hakuna wa kurudi nyuma. Pale katikati yao nilisikia kitu kinaachana ndani. Sikulia. Mama njo alilia.

Alikuwa mwanaume. Balinionyesha juu niliomba. Kwa kuokoa mi, balitoa kizazi. Munganga alisema ile neno mara mbili, alifikiri sikusikia.

8 Februari

Baba anakuja kila siku. Haingie. Anakaa pa benchi ya couloir, inje ya chumba, kofia pa magoti, mpaka saa ya kufukuza bageni. Mama ananiletea uji na kusema: eko pale. Mi sina nguvu ya kumuita, wala ya kumufukuza.

Gael alilia mu mikono yangu siku ya kwanza. Alimuzika mutoto yeye mwenyewe. Alisema mi na weye tu, Mushiya, inatosha. Nilimuamini, na bado naamini, nafikiri.

11 Februari

Tata Tharcisse alikuja juu ya matanga. Alisimama pa mulango ya chumba, akauliza nesi, si mi, kama ni kweli kuzaa haitawezekana tena. Hakufanya kichekesho. Tangu pale Gael anakuja, anakaa kidogo, anaangalia saa.

14 Februari

Nilitoka. Kidonda kinatoa maji mubaya, banasema ku hopitali ya kampuni kuko dawa yenye nguvu. Baba ameenda tena komini. Amepata siku: tarehe kumi na saba. Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, akasimama pa mulango ya nyumba yetu, akaingia. Mara ya kwanza. Aliangalia ukuta, kitanda, nguo ndogo zenye sijatoa. Alisema tu: utapata ile akte. Nilimuambia baba, kaa. Akakaa. Nilimupikia chai na akakunywa.

17 Februari

Salle ile ile. Mvua kidogo. Nilisimama na mukono pa kidonda. Gael alikuwa na shati mupya, hakuniangalia, nikasema ni haya ya batu.

Mama shefu alitukumbuka. Safari hii alianza na baba, bila shaka juu ya kumaliza haraka. Aliuliza kama alipokea dot yote.

Baba alisema: «Imeisha. Yote. Sidai kitu.»

Hakuna mwenye alicheka. Bazee bale ya nyuma balitazama chini, sawa mutu amevua nguo mbele yao. Baba alibaki wima, na mi nilitaka kumukumbatia pale pale. Nilifikiri: sasa imekwisha, tumelipa, tuachwe.

Mama shefu akamugeukia Tata Tharcisse. Kwa desturi tu, kalamu tayari. «Familia ya bwana, mulitoa yote?»

Tata Tharcisse alikohoa. Alisema: «Sisi tunasema bado.»

Mama shefu alifikiri hakusikia vizuri. Tata Tharcisse akarudilia, akaangalia dirisha. Mbuzi moja iko kwao. Haikutoka. Na sasa familia imekaa, imeona haitatoka. Hakusema juu ya nini. Kila mutu mu ile salle alijua juu ya nini, ata bale hawanijui, juu balianza kuniangalia tumbo.

Mama shefu aliuliza Gael kama eko na neno. Nilimugeukia. Gael akavuta mukono ya shati yake, sawa imekuwa fupi.

Sasa baba yangu, Kalonji, mwenye hakuinamia mutu ku gare, alitoka pa kiti yake akapita katikati ya salle. Akapiga magoti pa saruji mbele ya Tata Tharcisse, na suti yake. Alisema: kaka, ni mi njo nilikosa, si mutoto, uniadhibu mi. Alisema mbuzi nitaileta mi mwenyewe, nitainunua, utasema ni yako. Tata Tharcisse aliangalia dirisha. Machozi ilikuwa inamutoka na yeye, nisimusingizie. Lakini hakugeuka.

Nilienda polepole, juu ya kidonda. Nilimushika baba chini ya mukono. Nilimuambia: «Simama, baba. Mi ni mutoto yako. Twende kwetu.» Alikuwa mwepesi, sikujua kama amekuwa mwepesi vile.

20 Februari

Niko kwa bazazi. Marlène aliniletea bitu byangu.

24 Februari

Batu ya Tata Tharcisse balikuja kuchukua mbuzi zao. Baba alizifungua yeye mwenyewe. Suti alikuwa ameipiga pasi.

2 Machi

Gael alikuja leo, baba haiko, mama eko soko. Alikuwa amekonda. Alisema baba mukubwa amerudi Malemba, kuna mutu mwingine wa familia anaweza kuja komini kusema ndio, tuanze tena, ananipenda. Alisema yote haraka, macho ku bilatu. Nilimusikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na hasira, na ile njo iliniogopesha.

Nilimuuliza kitu moja tu. Ile siku, mama shefu alikuuliza kama uko na neno. Kama ungesema, ungesema nini?

Akasema kweli, mara ya kwanza tangu Januari, na mi namushukuru kwa ile.

«Mi nataka batoto, Mushiya.»

«Ata mi nilibataka,» nilimujibu.

Nikafunga mulango.